Hili Nilimwambia Somo

Mimi si mtu wa sauti ya chini. Nimelelewa Lupaso, kwenye nyumba ya watoto tisa, na asiyejua kupaza sauti wakati wa kula aliambulia kukwangua sufuria. Kwa hiyo nilipopewa umeneja wa kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Newala, niliongoza kwa njia niliyoijua. Nilisimama katikati ya ukumbi nikasema, na kila mtu akasikia, hata wale wa boila, tanuri la kupikia korosho kwa mvuke, kule nje. Nyuma ya mgongo wangu waliniita king'ora. Jina hilo nililijua na, nisidanganye, lilinipendeza.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha siku moja sokoni nikakutana na mwanamke aliyekuwa mbanguaji wangu bora kwa miaka minne, akaacha kazi ghafla bila kuaga. Alikuwa anauza mbaazi. Nikamsalimia, nikanunua, nikamuuliza kwa nini alitukimbia. Akanipimia mbaazi zangu, akaongeza kiganja kimoja cha nyongeza, akasema, "Hukuwahi kuniuliza kitu, mama." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nilirudi nyumbani nimeona aibu sana.

Basi mwenye kiwanda, ambaye anaishi Masasi na sisi tunamwita mkurugenzi, aliponipeleka kwenye semina ya siku mbili hukohuko Masasi, nilikwenda moyo wangu ukiwa tayari umelainika. Mwezeshaji, kijana wa viatu vinavyong'aa, alitufundisha kwamba meneja wa leo si bosi, ni kocha. Kila wiki ukae na mfanyakazi mmoja mmoja. Usikilize kuliko unavyosema. Umlee mpaka naye aweze kulea wengine. Halafu akatugawia fomu ya tathmini yenye safu tatu: anachoweza mfanyakazi, mapungufu yake, na mpango wa kumwendeleza. Kila baada ya miezi mitatu fomu ingekwenda kwa mkurugenzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuuliza huyo kocha na hiyo fomu vitakaaje nyumba moja. Ilikuwa saa saba na tulikuwa tunasikia harufu ya pilau.

Jumatatu nikawakusanya watu wangu. Sijafika mbali na hilo neno kocha, mwanamke mmoja wa meza ya kumenya akauliza kama tutagawiwa jezi. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sipendi kuchekwa siku niliyojiandaa, kwa hiyo nikatafuta neno la karibu, na likatoka kabla sijalipima. Nikawaambia kuanzia leo mnihesabu mimi ni somo yenu.

Kicheko kikakatika palepale. Wanawake wakatazamana.

Huku kwetu msichana anapochezwa unyago hupewa mwanamke wa kumfunda, naye ndiye somo yake. Mimi unyago wangu ulipitia kanisani: wiki moja ya likizo, mama mmoja wa kanisa mwenye daftari, na mwishoni tukaimbishwa mbele ya wazazi. Somo yangu alihamia mbali mwaka uliofuata na sijamtia machoni tena. Kwangu neno lenyewe lilikuwa sawa na mwalimu wa zamu. Kwa wale waliokuwa mbele yangu, wengi wao wa Makote na vijiji vya jirani, somo ni wa maisha. Ukiolewa yupo, ukizaa yupo, ukiachika yupo. Mimi nililitumia kama mtu anayeazima kikoi cha mwenzake bila kujua ni cha sherehe. Wanaume wa boila wakauliza wao wanichukulie vipi, nikasema waniweke mahali pa mlezi wa jandoni. Mmoja akasema sawa, ili mradi nisiwe ngariba.

Mazungumzo tuliyafanyia kwenye stoo ya maboksi matupu, maana ofisini kwangu mtu akiitwa hujua amefukuzwa. Wiki za kwanza zilinitesa. Nilimuuliza mtu kazi inaendaje, akasema nzuri mama. Nikamuuliza kuna tatizo gani, akasema hamna shida mama. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa, naye akanyamaza, tukasikilizana tukinyamaza. Mwisho nilishindwa, nikauliza swali na kulijibu mwenyewe. Kuna siku nilitoka stoo nimekaukiwa sauti, na aliyeingia kusikilizwa alikuwa hajatamka sentensi mbili.

Lakini pole pole kitu kikaanza kusogea. Mmoja akaniletea ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochemsha na kutafuna huku tunapiga soga, imefungwa vizuri kwenye kitambaa. Mwingine akaleta mahindi mabichi ya kwanza ya shamba lake. Nikadhani wameanza kunipenda, nikavimba kichwa. Mwingine akaniomba nikakae kwenye kikao cha posa ya binti yake Tandahimba, na nilikwenda, nikakaa mkekani upande wa mama wa binti, nikitikisa kichwa kila wengine walipotikisa. Sikujua kwamba hivyo vyote ni haki ya somo. Walikuwa wanatimiza upande wao wa neno langu, na walikuwa wanangoja nitimize wangu.

Ndipo akaja mwanamke wa oveni.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mtu wa Makote, mkimya, mwenye mikono isiyokosea. Kwetu korosho ikishabanguliwa huingia kwenye oveni ya moto wa maganda ili ngozi yake ya ndani ilegee. Joto likipungua ngozi haitoki, likizidi korosho inageuka rangi na hakuna tena wa kuitaka. Yeye alijua joto hilo hata kabla hajatazama kipimo. Mkurugenzi alikuwa anategemea kuleta oveni ya pili, na kila mtu alijua nani angekuwa msimamizi wake. Alikuwa peke yake na mama yake mgonjwa na watoto wawili. Kazi ile ndiyo iliyokuwa nyumba yao.

Siku yake ya mazungumzo alikaa juu ya boksi, akakunja ncha ya kanga na kuikunjua. Akaniambia kuhusu trei nne zilizoungua mwezi uliopita. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba umeme ulikatika, feni ikasimama, trei za chini zikaungua. Akasema umeme haukuwa na kosa. Wiki ile mama yake alikuwa amelazwa, yeye alikuwa anamuuguza usiku na kuja kazini asubuhi, na siku hiyo usingizi ulimchukua akiwa ameegemea gunia. Alipoamka, harufu ikamwambia kila kitu. Zile zilizoungua alizichanganya na vipande vya kutupa, akanyamaza. Nikamshika mkono, nikamwambia amefanya vizuri kuniambia. Na nilimaanisha. Siku hiyo nilitoka stoo nikijiona nimefuzu, kwamba lile somo la semina limezaa tunda.

Wiki mbili baadaye nikakaa na fomu zangu. Kwenye safu ya mapungufu ya wengine niliweka vitu vyepesi, huyu anachelewa, yule anaongea sana. Nilipofika kwa mwanamke wa oveni niliona nina kitu cha kweli cha kuandika, kitu kinachoonyesha kwamba mimi nawajua watu wangu kwa ndani. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: alisinzia kwenye moto, akaunguza trei nne, akaficha, amekiri mwenyewe kwa hiari. Kwenye mpango wa kumwendeleza nikaandika asaidiwe. Nikazitia fomu kwenye bahasha, nikampa dereva, nikaenda kunywa chai. Sikuona ubaya wowote, nataka hilo lieleweke, maana baadaye nimejitetea mwenyewe mara nyingi na kujitetea huko hakujawahi kunisaidia.

Barua ilirudi kabla mwezi haujaisha. Mkurugenzi aliandika kwamba mtu anayelala kwenye moto na kuficha hawezi kusimamia oveni, na mkataba wake ukiisha msimu huu usiongezwe. Na kusema kweli, kwa yaliyokuwa kwenye karatasi, hakukosea. Mimi ndiye niliyetakiwa kumkabidhi. Nilimwita stoo, kwa kuwa ofisini niliona aibu.

Aliisoma mara mbili, taratibu, kidole kikifuata mistari. Halafu akaikunja kama ilivyokuwa.

"Hili nilimwambia somo," akasema. "Meneja amelijuaje?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia. Mimi, king'ora wa kiwanda kizima, nikaanza kupanga maboksi yaliyokuwa yamepangwa tayari. Akavua aproni, akaitundika mahali pake, akaondoka siku hiyohiyo bila kungoja mkataba uishe.

Habari haikuhitaji miguu. Kesho yake stoo ya maboksi ilikuwa na hamna shida mama, hamna shida mama, mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Ming'oko haikuja tena. Oveni nikampa mwingine, akajitahidi, na ngozi zikawa zinaganda kwenye korosho mpaka meza ya kumenya ikawa inalaani chini chini. Nilipaza sauti, nikasikia mwenyewe ninavyopaza, nikanyamaza. Nilikuwa na huzuni ambayo sikuwahi kuipata kazini, hata nilipokuwa karani nikifokewa.

Nikaamua kwenda Makote kuomba msamaha. Lakini hata mimi wa unyago wa daftari nilijua huendi kwa mwali, yaani yule aliyefundwa, moja kwa moja ukiwa umemkosea. Unapitia kwa somo yake, yule wa kweli. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa mwanamke anayekaanga samaki wakavu kando ya barabara. Nilitegemea kikongwe. Nikamkuta mtu wa rika langu, pengine mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, mwenye kicheko cha kukwaruza kama cha mvuta kiko na macho yasiyoogopa mtu. Kwa kuwa hatukujua nani mkubwa tukaanza kwa kusita, kila mmoja anangoja shikamoo ya mwenzake, mwishowe tukaambizana habari za saa hizi.

Alinipa kigoda. Akaendelea kugeuza samaki. Nikamweleza yote, semina, fomu, barua, tena kwa urefu, nikajikuta ninamweleza hadi viatu vya mwezeshaji. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Na wewe ulimwambia kosa lako gani?"

Nikamwambia hakuna, mimi ndiye niliyekuwa namsikiliza yeye.

"Basi hukuwa somo, dada. Ulikuwa polisi." Akaipua samaki. "Mimi huyu nimemchapa, nimemtukana, nimemsema mbele ya mama yake. Lakini ananijua nilipoanguka. Na jambo lake likilazimika kusemwa kwa watu, tunakwenda wote wawili, na ninaanza mimi."

Hasira ikanipanda. Nilitaka kumwambia kwamba kiwanda si unyago, kwamba mimi nina mkubwa juu yangu na karatasi za kujaza. Yote hayo ni kweli hadi leo. Lakini yeye akaongeza, kama mtu anayekumbuka tu, kwamba wiki ile mama wa mwali alipolazwa, si kuna mtu aliombwa ruhusa.

Nikakumbuka. Ilikuwa Jumatatu, mzigo wa kusafirisha unatubana, mimi nimeinama kwenye mizani. Mwanamke wa oveni alikuja akasimama nyuma yangu, akaomba siku tatu. Sikuinua kichwa. Nilimwambia avumilie mpaka Ijumaa, kisha mambo yakanizonga na Ijumaa nikasahau kwamba kuna mtu nimemwambia avumilie. Siku alipoungama kwangu juu ya boksi hakulitaja hilo hata kwa kidokezo. Alinistahi. Na mimi nikachukua heshima yake nikaijazia fomu. Pale kwenye kigoda, moshi wa samaki machoni, nililia, na yule mwanamke hakunibembeleza, akanipa tu kipande cha samaki nile.

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi. Newala ilikuwa imefunikwa na ukungu wake wa baridi, na tuliposhuka kutoka juu kuelekea Masasi joto likaanza kutupokea na watu wakaanza kuvua masweta. Mimi nilibaki na langu, sikujua hata kama nina joto. Nilikuwa napanga maneno.

Mkurugenzi ni mtu wa haki lakini si mtu wa haraka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniagizia chai. Nikaanza mimi, kama nilivyoambiwa. Nikamweleza habari ya mizani, ya ruhusa niliyoikataa bila kuinua kichwa, ya umeme niliousingizia bila kuuliza. Ndipo nikafika kwa trei nne. Akauliza kama ninataka basi aniandikie mimi barua. Nikasema ikiwa ipo ya kuandikwa, ianze na yangu.

Kisha akasema kulala mtu hulala, yeye shida yake ni kuficha, maana moto ukifichwa siku moja utatuunguza sote. Nikamwambia alificha kwa sababu nilikuwa meneja ambaye mtu hawezi kumwambia, na siku aliponiona ninaambilika ndiyo siku niliyomponza. Kama tunataka watu waseme, yanayosemwa kwenye maboksi yabaki kwenye maboksi, na fomu ijazwe kwa kazi iliyoonekana kwa macho. Hilo hakulipenda. Aliuliza, je, mtu akikwambia jambo la hatari? Nikamwambia nitakuja naye hapa, tukae wote watatu, nianze mimi. Akazungusha kijiko kwenye chai iliyokwisha poa.

Alichonipa kilikuwa nusu. Arudi kwa miezi mitatu ya kuangaliwa, na habari ya usimamizi wa oveni mpya isitajwe kwanza. Nilipokea nusu hiyo kwa mikono miwili.

Mwanamke wa oveni alinisikiliza mbele ya somo yake, pale pale penye samaki. Nilimwomba radhi kwa ruhusa kwanza, kisha kwa fomu. Alikubali kurudi. Ila akaweka wazi: kazi atafanya, lakini nisijiite tena somo yake, kwani somo anaye, na akamtazama yule mwenzetu aliyekuwa anapuliza moto kana kwamba hasikii. Kuanzia siku hiyo akaacha kuniita mama. Akawa ananiita meneja. Huwezi kumkaripia mtu kwa kukuita cheo chako, lakini kila asubuhi lilinichoma.

Nikalifuta lile neno mbele ya wote. Niliwaambia sikuwa nimelijua uzito wake, na kwamba stoo sasa ni mahali pa kuzungumza kazi tu, na kitakachosemwa hakitaandikwa. Hawakuamini, na walikuwa na haki. Nikaanza kwa njia niliyofundishwa pale penye mafuta ya samaki. Kila niliyekaa naye nilimwambia kwanza kosa langu la wiki hiyo. Mwanzoni ilikuwa kama kujivua nguo. Nilimwambia mmoja nilivyompa mtu mwingine sifa za kazi yake. Nilimwambia mwingine kwamba hesabu ya maboksi tuliyotafuta siku nzima niliikosea mwenyewe. Yule wa jezi alinisikiliza akasema pole mama, halafu akakaa, akafikiri, akaniambia kisu chake cha kumenyea ni kibovu tangu mwaka jana. Mwaka mzima! Nilimpa kingine kabla hajasimama. Hiyo ilikuwa hamna shida ya kwanza kuvunjika, na zilifuata nyingine, moja leo, moja wiki ijayo.

Mwanamke wa oveni hakusema lolote. Alikuja kila zamu yake, akakaa juu ya boksi, akasikiliza kosa langu, akasema kwake hamna shida, akaondoka. Mwezi wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Kazi yake ilikuwa safi, ngozi zikawa zinatoka zenyewe, meza ya kumenya ikarudia kuimba. Mimi nikakubali moyoni kwamba nimempata mfanyakazi na nimempoteza mtu, na kwamba huenda hicho ndicho kipimo changu.

Mwezi wa tatu ulikuwa unakaribia kuisha. Ilikuwa asubuhi, nipo kwenye mizani nimeinama, mzigo unatubana kama kawaida yake. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Safari hii niliinua kichwa.

Alikuwa ameshika trei kwa vitambaa viwili. Korosho zilikuwa zimegeuka kahawia. Ukumbi mzima ulikuwa unaona.

"Zimeungua trei mbili," akasema. "Umeme haukukatika. Niliongeza maganda mapema, ni mimi."

Zilikuwa zimebaki siku tisa za kuangaliwa kwake. Yeye alijua, mimi nilijua, na kila mtu kwenye meza alijua, maana visu vilisimama. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na nikaona macho yake yameitazama. Nikampa. Daftari la oveni linaning'inia ukutani, nikamwambia aandike mwenyewe alichokiona na alichokifanya, kwa maneno yake, nami nitatia sahihi chini yake. Akaweka trei chini, akaandika mistari miwili, polepole. Nikasaini.

Alinirudishia kalamu lakini hakuondoka. Alipangusa mikono kwenye aproni, akavuta boksi moja tupu kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Haya, mama," akasema. "La kwako la wiki hii sijalisikia."

Nikakaa, maana lilikuwa refu.